Mafiga ya Mama

Kalemie, tarehe 9 Juni 2002. Hiki ni kiangazi cha pili tangu mimi na Modeste tuondoke nyumbani Runingu.

Kwako mama yangu Apollinarie,

Salamu nyingi katika Kristu. Mgongo unaendeleaje? Muhogo umetoka vizuri? Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa udongo. Barua hii ataileta Ayoubu, yule mfanyabiashara wa Uvira, na Émérance atakusomea. Dada, soma polepole, usiruke neno.

Kazi yetu bado ni ile ya matofali. Tunafyatua, tunakausha, tunachoma. Tanuri linakula kuni nyingi kuliko vijiji viwili. Karibu na mji miti imekwisha, kwa hiyo kuni zinatafutwa milimani, na milimani kuna watu wenye bunduki; leo ni hawa, kesho ni wengine.

Ndiyo maana nilikusumbua na habari ya ule mradi wa majiko. Walisema nyumba itakayoacha mafiga na kujenga jiko la udongo, lile lisilomaliza kuni, itapewa mfereji wa bati na pipa la kukinga maji ya mvua, na primu, pesa kidogo za zawadi, juu yake. Niliwaza kwamba hutapanda tena mlimani kutafuta kuni, wala hutashuka mtoni kupitia kizuizi cha askari. Wewe ukakataa. Ulimwambia Émérance aniandikie kwamba kwetu mafiga hutolewa siku ya msiba tu, moto ukizimwa. Ukaniuliza kama nina haraka ya kukuzika ungali unatafuna. Jirani yako Wema amekwisha kupata pipa, anakuita Mama Moshi, nawe ukasema moshi haujamuua mtu wa ukoo wetu.

Barua hiyo nilimsomea Modeste. Mdogo wangu alicheka mpaka akakalia matofali mabichi, patron, mwenye tanuri, akamtukana. Akasema majeshi yote yamepita Runingu, yakabeba mbuzi, sufuria na milango, lakini hakuna askari aliyethubutu kubeba mafiga yako. Basi mradi ni nani? Alikuwa upande wako, mama.

Émérance, simama hapa. Epua chungu. Mkalishe mama kwenye mkeka, mwite Wema aketi naye, ndipo uendelee.

Mama, Modeste hayuko tena. Alipanda na wenzake kutafuta kuni za tanuri, wakafyatuliwa risasi. Wenzake walirudi mbio. Yeye tulimteremsha kesho yake, tukamzika hapa, na padri alikuja. Uso wake haukuguswa. Ayoubu alitaka akuambie kwa mdomo, nikamkatalia, kwa kuwa mimi ndiye niliyeondoka naye.

Sasa yatoe mafiga, kama desturi yetu inavyotaka. Yawekeni nje, moto uzimike, mlie. Lakini matanga yakiisha, mama, ninakuomba usiyarudishe. Waite watu wa mradi wajenge jiko lao mahali pale. Primu yao siitaki. Ninataka usipande mlimani.

Nisalimie Wema, na mumshukuru kwa kukaa nawe. Msalimie pia baba wa ubatizo wa Modeste. Sikupata nguvu ya kumwandikia. Mungu akushike mkono.

Tanuri la mwisho la kiangazi hiki likiisha kupoa, nitatafuta mtumbwi. Nitafika na mvua za kwanza za Septemba. Kama pipa litakuwepo, nitanawa hapo, kama mtu atokaye kuzika, kabla sijaingia ndani.

Mwanao aliyebaki huku,
Nyandwi