Misa kwa Ajili ya Tata

Jumatano, 5 Novemba

Bukari ya unga wa mahindi, mboga ya lengalenga, samaki wadogo wakavu. Mama anapika, mimi nafunga. Bakuli la bati, mfuniko, kitambaa cha bluu, ncha nne juu. Mvua tangu asubuhi. Mtaa wetu wote wa Dilala ni matope mekundu.

Kwenye lango la gereza askari alimwambia Mama aonje. Alikula tonge moja mbele yake, kama kila mara. Kisha tukaruhusiwa.

Tata, baba yangu, amekonda tena. Alikula polepole, akaacha nusu kwa mwenzake asiye na ndugu mjini. Mwishoni akafunga kitambaa mwenyewe. Anafunga kama alivyofunga mizigo kazini: mara mbili, kisha anavuta mpaka kitambaa kinalia. Nyumbani Mama hufungua kwa meno na kulalamika. "Huyu mwanaume anafunga sahani kama anafunga mbuzi."

Leo aliomba kitu kimoja. Si sabuni, si blanketi. Misa. "Muniombee misa mu kanisa yetu. Jina yangu isomwe mbele ya batu, mbele ya siku ya tribinali."

Tribinali, kesi yake mahakamani, ni tarehe 21. Mama alitazama bakuli.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama amekataa. Jina likisomwa, watu watauliza.

Niandike wazi angalau hapa. Tata alikuwa mlinzi wa usiku kwenye depo ya nyaya za shaba. Nyaya zilipotea usiku mmoja alipokuwa kwenye zamu na wenzake wawili. Wote watatu walichukuliwa. Tata anasema hakuona kitu. Ninamwamini. Naandika tena: ninamwamini.

Mama amewaambia watu wote kwamba Tata amekwenda Kasaji kumsaidia kaka yake shambani. Nadège, mdogo wangu wa miaka sita, anaamini. Anangoja asali ya Kasaji. Ameshaosha chupa.

Tata ndiye aliyeongoza sala za jumuiya ya barabara yetu. Jana jioni walisali kwetu, kiti chake kikiwa kitupu. Wakasema tumwombee Tata Célestin aliye safarini. Nikaitikia Amina kwa sauti. Amina ya uongo. Sijui Mungu anaifanyia nini Amina kama hiyo.

Shuleni naandika Kifaransa. Hapa Kiswahili, kwa sababu Tata anasali kwa Kiswahili.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefanya. Mama hajui.

Nilikwenda parokiani kwa miguu, pesa ya moto, yaani pikipiki ya shule, niliyopewa kwa wiki nikaitoa kama sadaka ya misa. Mstari mrefu. Novemba ni mwezi wa marehemu, kila mtu alileta majina ya watu wake. Anayeandika ni Mama Régine, katekista mgeni, ametoka Musonoi mwaka huu. Hajui habari zetu.

"Jina?"

"Célestin Kalenga."

"Ni nani kwako?"

"Tata yangu."

Hapo ningesema. Yuko gerezani, tunamwombea atoke. Lakini nyuma yangu alisimama mama wa rafiki yangu wa darasani. Neno lilinikwama. Mama Régine alinishika mkono akasema, "Pole, mwanangu." Nikajibu aksanti.

Nilirudi na furaha. Nilifikiri ameelewa yote bila kuambiwa. Nikafikiri labda Roho amemwambia.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeharibu kila kitu.

Padri alianza na majina ya wagonjwa. Halafu wenye shukrani. Tata hakuwamo. Niliona ajabu, nikangoja. Halafu akasema, sasa marehemu wetu. Jina la tatu au la nne: Célestin Kalenga.

Mama alinishika goti. Hakunitazama. Watu wa mbele waligeuka mmoja mmoja. Kanisa zima likamwombea baba yangu raha ya milele, na mimi nikiwa katikati yao, nimesimama, mdomo wazi.

Njiani nilisema, "Ni mimi, Mama." Akasema, "Nyamaza, tembea."

Hatujavua viatu wakaanza kuja. Wanawake wa barabara yetu, wa kwaya, wa Musonoi. Unga, makala, chumvi. Mama Philo, jirani wa mlango kwa mlango, alianza kulia tangu barabarani, akaketi chini sakafuni, leso yake mabegani. Nadège akalia kwa sababu wengine wanalia. Kisha akauliza nani amekufa.

Mama Philo akasema, "Mama Clarisse, juu ya nini ulitufichia kilio? Sisi ni batu wa kufichwa?"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Hakuna kilio. Bwana yangu iko muzima."

"Basi iko wapi?"

Niliona Mama anatafuta Kasaji na haioni.

"Iko mu buloko, mu gereza. Tangu mwezi wa munane. Mi njo niliwadanganya."

Mama Odile, anayeuza mafuta sokoni, akacheka. "Kumbe Kasaji ya sasa iko na ukuta murefu hivi!" Wengine wakacheka naye. Akachukua mfuko wake wa makala akaondoka. "Mi nilileta ya kilio, hapana ya bezi." Bezi ni wezi. Alisema mbele ya Nadège.

Wengi walimfuata. Wachache waliacha vitu vyao wakatoka bila kututazama, na hiyo pia iliniuma.

Mama Philo hakuinuka. Alipangusa uso akamwambia Mama, "Huu unga nilileta juu ya Célestin. Ataukula ye mwenyewe. Sufuria iko wapi?"

Nadège amechukua chupa yake ya asali, ameirudisha chini ya kitanda. Hakuniuliza kitu. Ningependa aniulize.

Mama amesema jambo moja tu jioni. "Clarisse, neno moja tu lilikushinda?"

Ndiyo. Neno moja.

Jumatatu, 10 Novemba

Shuleni wananiita Mutoto wa Waya. Ilichukua asubuhi moja tu.

Mgodi wa karibu umelipua baruti wakati wa somo la hesabu, madirisha yakatetemeka. Mmoja akasema, "Huyo ni Tata yake anatoboa ukuta." Darasa zima likacheka. Mimi pia karibu nicheke. Kisha nikaona aibu.

Nilimngoja Sista Agnès, mwalimu wa dini. Nilimwuliza kama misa ya wafu inaweza kumdhuru aliye hai. Sikumwambia ni nani, lakini anajua, wote wanajua. Hakunicheka. Alisema, "Unafikiri Mungu hajui Tata yako analala nyuma ya mulango gani?"

Nimelibeba jibu hilo mpaka nyumbani. Mchana lilikuwa na nguvu. Jioni limepungua. Mungu anajua. Lakini mimi sijui, na jina lake limesomwa.

Jumanne, 11 Novemba

Mama hasali tena rozari kwa sauti. Midomo tu.

Jumatano, 12 Novemba

Lango limefungwa. Kuna ugonjwa wa tumbo ndani, wageni marufuku mpaka watangaze tena. Askari alisema hivyo bila kututazama, kama mtu anayetangaza mvua.

Chakula kinapokelewa na kapita, mfungwa mwenye kazi ya lango. Anaingiza mabakuli, baadaye anayarudisha matupu. Tulingoja ukutani pamoja na wanawake wengine, mvua ikitupiga. Bakuli letu lilirudi bila kitambaa. Kapita alisema vitambaa vimechanganyika.

Mama akamwuliza, "Célestin Kalenga umemuona?"

"Mama, humu batu ni bengi. Mi napokea sahani tu."

Njiani nilihesabu moyoni: Jumapili wamemwombea kama maiti, Jumatano ugonjwa. Sista angesema hiyo ni imani ya kipagani. Najua. Hofu yangu haijui.

Ijumaa, 14 Novemba

Kitambaa kipya, cha maua, kutoka sketi ya zamani ya Mama. Kimerudi safari hii. Bakuli tupu, limelambwa.

Mama aliketi kwenye kibao, akagusa fundo kwa kidole kimoja. Likafunguka lenyewe. Fundo laini. Fundo la mtu mwingine.

Alibaki ameshika ncha mbili. Nilisubiri alie. Hakulia. Alisema, "Kumbe kuna mutu anakula vizuri." Akaenda kuosha bakuli, akaliosha muda mrefu.

Nani alikula? Kama Tata hakula, yuko wapi? Kama alikula, mikono yake ina nini?

Namchukia Mama Régine. Namchukia askari. Najichukia mimi zaidi. Nimeandika hayo makusudi ili nisiyaseme kanisani.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama alivaa kikwembe chake cha sikukuu, akaniambia nimfuate. Tulikwenda parokiani. Mstari ulikuwa mrefu kama wa juma lililopita, watu walewale. Walitupisha mbele. Mama akakataa, akakaa kwenye zamu yake.

Alipofika mezani akasema kwa sauti kubwa, kama anauza samaki: "Célestin Kalenga. Iko muzima. Iko mu buloko. Andika yote mbili."

Mama Régine aliinuka kitini. Aliomba msamaha, machozi yakimlenga. Mama akamjibu kwamba kosa lilitoka nyumbani kwake. Hakunitaja.

Nilitaka kumshika mkono. Sikuthubutu. Tulipofika penye madimbwi alinishika yeye.

Jumapili, 16 Novemba

Padri aliomba radhi kabla ya majina. Kisha akasoma: kwa ajili ya Célestin Kalenga, mfungwa, na jamaa yake. Neno mfungwa lilisikika mpaka mlangoni. Mama alisimama wima. Nadège alisimama juu ya benchi ili aonekane.

Hivyo ndivyo Tata alivyotaka. Jina lake, kanisani kwetu, mbele ya watu. Limesomwa pande zote mbili sasa, kwa wafu na kwa walio hai. Sisi hatujui yuko upande gani.

Mama Odile alikuwa kwenye kwaya. Alitazama kitabu chake cha nyimbo wakati wote.

Jumatatu, 17 Novemba

Kaka wa mmoja wa walinzi wale wengine alipita kutuambia. Tribinali ya tarehe 21 imeahirishwa. Hakuna mfungwa atakayetolewa ugonjwa ukiwapo. Tarehe nyingine? Hakuna aliyesema.

Nilimwuliza kama amesikia habari za Tata. Amesikia kwamba waliougua wamewekwa chumba cha peke yao. Majina hana.

Hakuna mtu wa kumlilia shida. Ukienda kwa askari, anakutuma ofisini. Ukienda ofisini, wanasema uliza langoni. Nilifikiri nikisoma vizuri, nikisema vizuri, nikisali vizuri, mlango mmoja utafunguka. Sijui tena nifanye lipi kati ya hayo kwa nguvu zaidi.

Nadège ameanzisha rozari mwenyewe. Anakosea mafumbo, anaruka, anarudia. Mama alimwitikia kwa sauti.

Jumanne, 18 Novemba

Mama Philo ameleta unga tena, kidogo. "Ule wa kwanza ulikuwa wa kilio," alisema, "huu ni wa kula." Wakacheka wawili jikoni. Sikumbuki lini nilimsikia Mama akicheka.

Mtihani wa hesabu. Nimejitahidi. Nilichora fundo pembeni ya karatasi bila kujua.

Jumatano, 19 Novemba

Bukari, sombe ya majani ya muhogo. Mama alitia mawese mengi kuliko kawaida. Mimi nilifunga. Kitambaa cha maua, ncha nne juu. Nilifunga kwa ulegevu, kama kila mara, ili Tata asipate taabu.

Mvua haikunyesha. Tulingoja ukutani. Kapita alirudisha mabakuli mawili mawili, akiita majina. Letu lilikuwa la mwisho au karibu. Nilitaka kuligusa pale pale. Mama aliliweka kichwani, akasema twende.

Tulitembea haraka mpaka nyumbani.

Aliketi kwenye kibao. Akaweka kidole. Fundo halikusogea. Akajaribu kwa kucha. Akaligeuza, akatazama upande wa pili: mara mbili, limevutwa mpaka kitambaa kimekunjamana.

Nadège akauliza kama asaidie. Mama akatikisa kichwa.

Akainama, akaanza kulifungua kwa meno. Ilichukua muda mrefu. Mara hii hakulalamika.