Matembezi ya Baba Kwenda Lamboni

Kwako Mayu, mama yangu,

Mwangaluka. Naomba barua hii ikukute umeketi na goti limetulia. Kaka Masanja akusomee polepole, asiruke kitu. Mvua imeshika huko Lalago? Palizi ya pamba mmemaliza? Mimi ni mzima. Hapa Ubelgiji ni baridi; asubuhi nasafisha vyumba vya hoteli, mchana naingia darasani.

Nakuandikia kwa sababu yale mazungumzo yetu ya simu yalikatika vibaya.

Likizo yangu ya mwisho nilimfuata Baba na kamera kutoka mlangoni hadi lamboni, yeye mbele na ng'ombe, mimi nyuma, hakuna anayesema. Ulicheka, ukauliza mtu anayetembea anapigwa video ya nini. Nikakwambia ndiyo kazi ninayosomea, kumwonyesha mtu akipita mahali pake pa kila siku. Sikujua kwamba mgongo ule sitauona tena. Alipofariki, kibali changu cha kukaa huku kilikuwa hakijatoka, nikashindwa kuja kumzika. Ile video sikuthubutu kuifungua kwa muda mrefu.

Kisha chuo kikaandaa maonyesho. Mwalimu wangu, mama mtu mzima na mpole, akaichagua hiyo. Alitaka nikate pale njia panda, Baba anaposimama tu bila kufanya lolote. Nilikataa. Nilidhani anavuta pumzi, na pumzi yake niliitaka ibaki. Ndipo nikakupigia, nawe ukasema, "Kaburi la baba yako halijakauka, unampeleka kwa watu wasiomjua wamtazame?"

Nilikasirika, Mayu, sikufichi. Hata hivyo kesho yake nilimwambia mwalimu kuwa video ya Baba haitaonyeshwa. Akasema kazi ni yangu, hakuna wa kunikataza. Nikamjibu, "Kazi ni yangu, ila mume ni wa mama yangu."

Ukutani kwenye maonyesho nikaweka video ya njia yangu mwenyewe, kutoka chumbani kwangu hadi hotelini. Kuna daraja, kuna duka la mikate, kuna ukuta ninaouegemea mvua ikizidi. Nilikuwa napita hapo kila siku nikihesabu kuwa ni ugenini tu. Nilipojiona nimeegemea ule ukuta nililia, maana nilikuwa nimeshauzoea kama wa kwetu.

Jumapili Masanja akanipigia. Alisema mlipotoka kanisani uliomba uione video ya Baba niliyomtumia kwenye simu yake. Ulitazama mpaka pale njia panda, ukasema taratibu, "Hapo ananingoja mimi." Ukaendelea kutazama mpaka ng'ombe walipofika majini. Kisha ukamwambia aniambie nina ruhusa, niwaonyeshe.

Asante, mama yangu. Ila sitawaonyesha kwanza. Nimeirudia sehemu ile mara nyingi, na sasa naona anageuza kichwa kidogo upande wa mashamba. Kumbe mimi niliyekuwa nyuma yake na kamera sikuona kitu.

Nisalimie wifi yangu, mke wa Masanja, na shangazi aliyelala nawe siku zote za msiba. Nisalimie na jirani yetu wa mashine ya kusaga.

Nawe unijibu, Mayu. Ulikuwa ukitokea wapi siku zile alipokuwa akikungoja hapo, na mkishakutana, mlikuwa mkiongea nini njiani?

Ni mimi mwanao,
Kabula