Alama Niliyoweka Ndani ya Silinda

Alhamisi. Mvua ya mawe imepiga mabati tangu baada ya chakula cha mchana, na sasa yamebaki manyunyu. Nina uzito kifuani ambao sikuwa nao asubuhi. Asubuhi nilikuwa na hasira, na hasira ni nyepesi kubeba.

Wanaosoma blogu hii wanaijua pikipiki yangu ya milimani, yenye matairi ya meno makubwa na madigadi yaliyoinuka. Niliinunua nikiwa mkaguzi wa shule, wakati njia nyingi za Ikolomani hazikupitika kwa kitu kingine. Injini yake ni ya mipigo miwili, ile ambayo oili huchanganywa ndani ya petroli, na hulia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mwaka huu ilianza kunishinda kwenye kilima cha kutoka Iguhu. Moshi mwingi, nguvu kidogo.

Nieleze kidogo. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, na baada ya miaka mingi ukuta wa silinda hulika. Tundu lililokuwa duara kamili huwa kama yai. Chuma kilicholika hakirudi, kwa hiyo unafanya kinyume: silinda inapelekwa kwenye mashine, inachongwa ndani mpaka tundu liwe duara tena, kubwa zaidi kidogo, kisha unatia pistoni kubwa ya kulijaza. Injini inapona, tena inapata nguvu za ziada. Ni kazi nzuri, ikifanywa na mtu mwaminifu.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Fundi ni Shivachi, kaka wa mke wangu, mwenye karakana kando ya barabara ya Mukumu. Kila mtu hapa anajua kwamba ukipeleka chombo chako kwa fundi unamkalia hapo hapo mpaka nati ya mwisho ifungwe. Watu hubeba hadi chakula. Ukiondoka, unaweza kurudi ukakuta kifaa chako kizuri kimehamia kwenye pikipiki ya mtu mwingine. Lakini utamkaliaje shemeji yako? Kumkodolea macho ni kuwatangazia majirani kwamba umeoa kwa wezi. Nilimwachia injini, nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo sikulala vizuri.

Kabla ya kumwachia nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Silinda ilikuwa imeshafunguliwa, na Shivachi alikuwa amevuka barabara kuazima spana. Nikaokota msumari, nikakwaruza msalaba mdogo ndani ya tundu, karibu na mdomo wake. Sikuuweka nje kwa sababu angeuona akisugua. Ndani hautadhuru kitu, nilijiambia, maana ukuta wenyewe unakwenda kuchongwa.

Silinda ikapelekwa mjini kwa mchongaji, ikakaa. Nilipouliza, Shivachi alisema umeme ulipotea. Nilipouliza tena, alisema mchongaji amekwenda mazishini Mautuma. Katika miaka yangu ya ukaguzi nimeelezwa mazishi mengi ya aina hiyo.

Leo nikaenda mwenyewe. Silinda ilikuwa juu ya meza, inang'aa ndani kama kioo. Niliiinua kwenye mwanga, nikaizungusha taratibu.

Hakuna msalaba.

Silinda yangu ni ile ambayo pikipiki ilitoka nayo kiwandani, na chuma chake hakipatikani tena. Hii niliyoshika ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Palikuwa na mafundi wawili kwenye meza ya pili na mteja mmoja akinywa chai. Nikauliza kwa ile sauti yangu ya ukaguzi: "Shivachi, hii ni silinda yangu kweli?"

Alifuta mikono polepole. "Unaniuliza kama shemeji ama kama mteja?"

Nikamwambia nauliza kama mwenye mali.

Fundi mmoja akacheka, akasema leo shemeji amekuja na mahakama yake. Shivachi hakucheka. "Hapa hatubadilishiangi mtu vitu," alisema. Kisha akaifunika injini kwa gunia na kuniambia nije nichukue vipande vyangu niwapelekee watu ninaowaamini.

Nilirudi nyumbani nimejaa haki.

Mke wangu alikuwa jikoni akichambua mboga ya mutere. Nilimsimulia yote, naye akauliza swali moja tu: nimejuaje. Nami, kwa kuwa napenda kueleza, nikamweleza. Nikamwambia kuhusu msumari na msalaba. Nikamwambia kuhusu mashine pia, jinsi kisu chake kinavyozunguka ndani ya tundu kikiondoa chuma pande zote, kuanzia mdomoni hadi chini, kisibakize hata...



Mke wangu hakuinua macho kutoka kwenye mboga. "Malizia, Mwalimu. Kisibakize hata nini?"

Nilikuwa nimeweka alama kwenye chuma kile kile nilichoagiza kiondolewe. Iwe silinda ile ni yangu au si yangu, msalaba usingekuwapo.

Ningependa kuandika kwamba shaka imeniisha. Haijaisha. Akili yangu imeshapata njia nyingine: kukosekana kwa msalaba hakuthibitishi wizi, lakini hakuthibitishi uaminifu pia. Na bado kuna yale mazishi. Nimejikuta nimeshika simu, nikipanga jinsi ya kumuuliza mchongaji kwa ujanja ni nani aliyefariki.

Nimeiweka chini. Mke wangu amenifunikia chakula mezani, akaenda kula jikoni peke yake. Wazazi wake hawapo tena, na hana ndugu mwingine. Kwa Shivachi ndiko kwao. Nikigombana naye, mke wangu ndiye atakayekosa pa kwenda anaposema anakwenda nyumbani kusalimia. Asubuhi nilikuwa na silinda mkononi, na hilo halikunijia hata kidogo.

Kesho nitakwenda, lakini si mapema. Nitangoja wale waliosikia wawepo wote. Nitaomba radhi mbele yao na kueleza habari ya msumari, wacheke mpaka watosheke. Nitamwomba Shivachi aifunge injini. Habari za Mautuma sitaziuliza.

Hayo yote ni ya mdomo, na mdomo wangu naumudu. Kinachonisumbua ni masikio. Shivachi akiikanyaga injini ikawaka, nitasikia injini iliyopona, au nitatega sikio nikitafuta kama ni yangu?