Agata, Muhogo Nilimpa Mimi

Shoga yangu Agata,

Nakuandikia kwa jicho moja. La pili limevimba mpaka limefumba, na jino langu la mbele limekwenda zake, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usinicheke. Ulizoea kunicheka, eti herufi zangu zimelewa tembo. Leo nina sababu. Aliyenipiga ni Kibwana wa Saadani, yule yule aliyekuua wewe, na safari hii alipiga mtu anayestahili.

Ngoja nilitoe kwanza lile lililonikaa kooni, nisije nikaghairi. Siku ile aliyemlisha Shabani ni mimi. Si mtu wa kambi ya wakimbizi, si baba yake, wala si wewe uliyesahau kuuliza. Ni mimi, Felisita. Vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha, kila kimoja kama kidole gumba. Una miezi mitano udongoni, misheni nzima inasema mtoto wa Kibwana alikufia mikononi mwako, na mimi niko kimya, nafua, nasali, nakula. Haya, nimesema.

Unakumbuka tulivyokuwa. Manowari za Wadachi zimeipiga pwani yote mizinga, na watu wetu wenyewe huko mjini wanachinja kila wanayemshuku kuwa ni wa Mdachi. Wanaokimbia pande zote mbili wanaishia uani kwetu. Kila asubuhi machela zinaingia langoni. Huyu hana taya, yule mkono wake unaning'inia kwa ngozi tu. Nyayo zetu zilikuwa zinanata sakafuni kwa damu. Mimi ndiye niliyebeba ndoo ya viungo vilivyokatwa kwenda kuvizika nyuma ya minazi, na mbwa wananifuata, nawatupia mawe, wanarudi.

Yule tabibu wa manowari aliyeshuka na sanduku lake na chupa ya dawa ya usingizi, sitamsingizia, alijua kukata. Lakini akimlaza mtoto, macho yake yote yako kwenye kisu, na msaidizi wake kashika mshipa wa mkono. Mshipa ukipiga, basi, kwao mtoto mzima. Wewe ukamwambia, Bruda wetu wa misheni akikufasiria, kwamba mtoto huanza kukatika pumzi, mshipa unafuata nyuma. Akakutazama kama kiti kimesema. Watoto wawili wakamfia vile vile, mshipa mkononi. Wa tatu alipogeuka rangi ya midomo hukuomba ruhusa ya mtu. Ulimsukuma msaidizi, ukalinyanyua taya la mtoto, ukamlaza ubavu, ukaingiza kidole ukatoa kamasi na damu, ukamsugua mgongo mpaka akalia. Tangu hapo kitambaa cha kudondoshea dawa ya usingizi kikawa chako, na yule bwana mkubwa akawa anasubiri wewe umwambie aanze.

Loo, na masharti yako! Ulitutia wazimu. Mtoto wa kikohozi unamrudisha kwa mama yake mpaka kifua kikauke, hata tabibu akifoka. Jino la utoto linalocheza unaling'oa kwa uzi kabla, lisije likadondokea kooni. Kitambaa hukikandamizi usoni, unakiinua ili hewa ipite, na chini ya pua unaweka kishada cha sufi kinachocheza kwa pumzi, basi unaitazama hiyo sufi kama mtu anayetazama jungu la maziwa. Na tumbo, jamani, tumbo liwe tupu. Ulisema dawa ile inachafua moyo, na aliyelala hajui kutapika. Chakula kinapanda, kinapotea njia, kinaingia mapafuni. Umeyasema mbele yangu mara ngapi? Siwezi kudai sikusikia.

Shabani aliletwa asubuhi, na tabibu akasema atamkata baada ya adhuhuri. Mtoto wa miaka sita hivi, kipande cha chuma cha mzinga kimemkaa pajani. Baba yake alimbeba mgongoni kutoka Saadani, siku mbili porini, bila chakula. Ukaagiza asipewe kitu ila maji ya kulowesha midomo. Akaanza kulia. Hakuulilia mguu, Agata. Aliililia njaa.

Kilio kile wewe unakijua na mimi nakijua. Tulikilia pamoja tukiwa na kamba shingoni, kutoka bara mpaka hapa, wewe na miaka yako tisa na mimi hata sijui mingapi. Yule nyapara wa msafara wetu wa watumwa alikuwa na mfuko wa mtama kiunoni. Anakula mbele yetu, anatafuna taratibu, anasema chakula ni cha wanaobeba mizigo. Tukaokota punje kwenye mavi ya punda. Ulizifuta kwa nguo yako, ukanigawia mimi nyingi wewe ukabaki na chache, ukadai umeshiba. Ni kwa punje zile niko hai.

Ndiyo maana nilikuja kukuomba umpe hata mchuzi. Ukakataa. Nikaja tena, ukakataa, unakunja vitambaa vyako, hata uso hukuinua. Damu ikanipanda. Nikakwambia, "Umekuwa yule nyapara, Agata. Nawe sasa umepata mfuko wako wa mtama." Ukaacha kukunja.  Nilikuona ulivyoumia na nikafurahi, Mungu anisamehe, nikaenda zangu jikoni.

Alikula haraka huku amenishika kidole. Nikamwambia asimwambie mtu, na mtoto wa watu akatii. Ulipomuuliza kama amekula akatikisa kichwa. Ukamfungua kinywa ukatazama, hamna kitu. Mimi nimesimama mlangoni na beseni. Maneno mawili tu yangetosha. Lakini bado nilikuwa na hasira na wewe, na nikajisemea, kipande cha muhogo ni kitu gani.

Sufi ilicheza vizuri mwanzoni. Kisha tumbo la mtoto likajikunja mara moja, mara mbili, na sufi ikasimama. Ulimgeuza upesi kuliko nilivyopata kumwona mtu akifanya kitu. Kidole chako kilitoka na vitu vyeupe. Ukachimba tena, ukampiga mgongo, ukaweka mdomo wako juu ya mdomo wake ukavuta na kutema, ukavuta na kutema, na yeye anazidi kuwa wa buluu mpaka kucha. Ilipokwisha ukatazama vile vipande vya muhogo mkononi mwako. Halafu ukanitazama mimi. Ulijua, Agata. Hapo hapo ulijua.

Kibwana alikuwa dirishani. Alichokiona yeye ni mwanamke aliyemfunika mwanawe uso kwa kitambaa na mwanawe akafa. Alipozunguka kuingia alikuwa ameshalichukua lile panga la madafu lililokuwa likikaa uani. Akakuuliza, "Umemfanya nini mwanangu?" Nilisubiri unitaje. Nilikuwa nimeshikilia beseni kwa mikono miwili nasubiri jina langu. Wewe ukasema, "Pumzi imemkatika, baba. Nisamehe."

Pigo la kwanza lilikuingia begani na nikasikia mfupa. La pili shingoni. Ulianguka juu ya miguu ya Shabani, damu yako ikamrukia mpaka kwenye nywele, na tabibu akapiga bastola akatoboa dari. Kibwana akaruka dirisha akakimbilia kwa wapiganaji wanaompinga Mdachi, na wakati ule nani angemfuata? Mimi sikupiga hata kelele. Nilikuosha mimi, nikakushona shingo mimi, ili ulale mzima. Nilikuwa nakushona na muhogo ule uko bado chini ya kucha zako.

Bruda aliuliza nani anazijua kazi za Agata. Watu wakanitazama. Basi ndiyo hivyo, shoga yangu, mfua nguo amerithi kitambaa chako. Tabibu huyu wa sasa ni mwingine, mkali lakini anasikiliza. Nawarudisha wenye vikohozi. Nang'oa meno. Nanyanyua taya mpaka vidole vinakufa ganzi. Wamekufa watoto kwa risasi na kwa kuoza vidonda. Kwa pumzi, bado.

Sasa juzi, nikiwa natwanga dawa, akasimama mtu mlangoni na msichana begani. Amekonda, ndevu zimemmea ovyo, ila nilimjua kwa jinsi alivyoogopa kuvuka kizingiti kile. Manowari zimerudi Saadani. Nyumba yake imeungua na mkewe ndani. Boriti ilimwangukia binti yake Mwanaidi mkononi, mtoto wa miaka minne, na kiganja chote kimeoza, harufu inaingia kabla yake. Hakuniambia shikamoo wala hodi. Alisema tu, "Sina pengine."

Nilitaka kumfukuza. Haki ya Mungu, nilitaka nimwone mtoto wake anaoza mbele ya macho yake. Lakini msichana alinitazama, nikampokea. Nikamwambia baba yake kwamba mpaka mtoto akatwe, asile kitu. Akaitikia. Haikuchukua muda mtoto akaanza kile kilio, na nikamwona Kibwana anaingiza mkono ndani ya shuka lake, anachomoa kipande cha mkate wa mtama. Nikamdaka mkono. Akasema mtoto ana njaa, kidogo tu, kitamdhuru nini. Nikamweleza, akaitikia tena kwa kichwa, na mkate akaurudisha pale pale shukani. Nilijua atampa nikigeuka. Mimi nilisikia maneno yale yale mara mia na bado nilitoa.

Kwa hiyo nikamwambia. "Shabani alikufa kwa muhogo. Ulimkwama kwenye pumzi. Niliyempa ni mimi, kwa siri. Yule uliyemkata shingo alikuwa anajaribu kuutoa."

Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Ngumi ya kwanza ilinitoa jino. Alinikamata koo akanigongesha ukutani, akaniangusha, akanikanyaga mbavu, na kila nilipojikunja alinikunjua ili apate pa kupiga. Sikujikinga. Bruda alikuja na rungu, nikamwashiria amwache. Nadhani angenimaliza, na sijui kama ningemlaumu, ila Mwanaidi alipiga ukelele mmoja, na ule mkono wake mbovu ameunyosha kwake. Kibwana akasimama. Anahema. Akavitazama viganja vyake, akakaa chini.

Akasema, "Nilimuuliza. Kwa nini hakukutaja?"

  Swali hilo, Agata, nami najiuliza miezi mitano.

Alitoa mkate akautupia kuku uani. Kisha akamweka binti yake mapajani, akamzungushia mikono yote miwili, na kila aliyepita karibu alimkazia macho, hata yule mpishi aliyekuja na kikombe cha maji. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba yake alilia naye. Hakumpa kitu.

Nilimlaza mimi, damu inanidondoka kidevuni, jicho moja linaona na moja limefumba. Tabibu alipofika mfupani sufi ikasimama. Nilisema acha, na akaacha. Nikamgeuza ubavu, nikanyanyua taya, nikaingiza kidole. Yalitoka maji ya manjano tu, kidogo, ya tumbo tupu. Nikafuta. Nilihesabu moyoni, nikafika nne, sufi ikacheza. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyoipenda sufi ile. Mkono wake umekwenda. Mwenyewe yupo, na alipozinduka aliita baba yake kwa hasira.

Usidhani nimemsamehe mtu yule. Namchukia hata kila kidole chake. Aliniuliza ulipozikwa, nikamwambia akamuulize mwingine. Leo asubuhi nimemkuta kaburini kwako, anang'oa magugu, binti kalala mgongoni. Nikaokota jiwe. Nilisimama nalo muda, kisha nikaona mtoto amefungua mdomo, anapumua vizuri, nikaliweka chini nikaondoka.

Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya watu wote niseme kama nilivyokuandikia hapa. Wakitaka kunitoa kijijini wanitoe, ila wewe watakusafisha jina. Hilo la kwanza. La pili ni lako na mimi tu. Nilikuita nyapara, na neno lile ndilo la mwisho ulilolisikia kutoka kinywani mwangu. Siwezi kulirudisha. Lakini nyapara alishinda akila sisi tukimtazama, na mimi nakuahidi hivi: kila mtoto nitakayemnyima chakula kwa ajili ya kisu, nitakaa naye, na sitakula mpaka yeye awe amekula.

Leo yupo mmoja, wa Vigwaza, ana risasi ya bega. Zamu yake ni baada ya adhuhuri, na namsikia ameanza kile kilio. Sijatia kitu kinywani tangu jana. Pumzika, mwenzangu. Naenda kukaa naye.

Shoga yako,
Felisita