Michi Iliyotwanga Msituni

Mujukuu wangu Zaina,

Huku Kasongo tuko wazima, ila bibi yako analalamikia goti. Umeuliza kama mtu anayependa msitu anaweza kufanya kazi ya kuusimulia, kama nilivyofanya mimi redioni.

Nikiwa kijana, nilikuwa natembea na shangazi kwenda Wamaza. Jua la mchana likiwa kali, tukasikia michi ikitwanga msituni. Nikataka kwenda kuomba maji.

"Huko hakuna mutu," shangazi akasema.

Nikachungulia. Niliona michikichi na nyasi ndefu tu, na michi ikatwanga mbele yangu, mmoja ukichelewa kidogo. Kisha yote ikanyamaza kwa pamoja, kama watu waliotuona.

Nilipoanza redio, mkubwa wangu wa kazi alitaka niongeze mizimu yenye macho mekundu katika hadithi hii. Nilikataa, nikasimulia nilichosikia tu. Kesho yake mama mzee aliyenisikia redioni akaja kunitafuta.

"Ule muchi wa kuchelewa, ulikuwa upande gani?"

"Kushoto, mama."

Akakaa chini. "Pale palikuwa kijiji chetu. Ni mama yangu. Mukono wake ulikuwa unamuuma."

Akaniomba nimpeleke. Alisimama kwenye nyasi zile muda mrefu, akisema na kunyamaza, akisema na kunyamaza, kama mtu anayejibiwa. Mimi sikusikia kitu, na hivyo ndivyo nilivyosimulia.

Anza kazi hiyo, mujukuu wangu. Kuna mtu anaisubiri.

Babu yako