Boksi la Makaratasi ya Osaka

Jumamosi jioni, Novemba 2018, Johannesburg. Joto. Mvua inatishia tangu mchana na hainyeshi. Nami niko hivyo hivyo.

Wiki sita zilizopita nilipoteza boksi langu la makaratasi ya Japani. Lilitoweka dukani kwetu Newtown, juu ya kabati, nilipoliweka kwa mkono wangu.

Nilikuwa nimekwenda Osaka kutazama mashine ya kukatia lebo. Bei ikanishinda, nikarudi na makaratasi: maganda ya pipi, pakiti za dawa, mifuko ya chai. Kule tonge la wali la dukani limevikwa plastiki yenye namba na mshale mwekundu uliopinda. Vuta moja, vuta mbili, vuta tatu, tonge hilo mkononi. Sijui herufi hata moja ya Kijapani, na nililifungua bila kuuliza mtu. Miaka kumi na moja nachapa lebo, nilianza na mkasi na printa ya kuazima, sijawahi kuona mnunuzi akiheshimiwa namna ile.

Hata uzio wa ujenzi una picha ya fundi ameinamisha kichwa, anawaomba radhi wapita njia.

Kasongo, mshirika wangu, hajainamisha hata kope. Nilipomuuliza liko wapi boksi, alicheka mbele ya wateja, kwa Kiswahili cha kwao: "Dada Zuhura, bile bilikuwa bichafu bya Wajapani. Bichafu bya hapa habitoshi?"

Wakacheka wote. 

Ningeyameza hayo. Lakini leo nimepeleka stika kwenye spaza moja, kiduka cha mtaani, Soweto, na pale rafuni nikaiona pakiti mpya ya mafuta ya nywele ya mteja wetu. Moja, mbili, tatu, na mshale mwekundu uliopinda, uleule wa tonge la Osaka. Nilikuwa namwandalia mteja huyo pakiti ya namna hiyo, na aliyejua ni Kasongo tu. Nimeigeuza. Mchapaji aliyeandikwa nyuma ni jamaa wa mtaa wa pili, anayeimba kwaya moja na Kasongo.

Takataka haina miguu.

Eish, boksi ningesamehe. Mteja yule ndiye nusu ya kazi yetu.

Kasongo, najua unasoma ukurasa wangu huu, maana kila wiki unanitania kwa ninayoandika. Usinijibu kwa mzaha. Mkataba wa duka una jina langu, na fundi wa kufuli nimeshaongea naye. Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, mlangoni: boksi ulilitupa, au ulimpa huyo mwenzako wa kwaya?