Mjane wa Nguo Nyeupe

Jumanne, 8 Julai 2025
Nimepewa nafasi ya mjane! Mwalimu Sifaeli katoka Iringa na mchezo wa Kihindi, kautafsiri mwenyewe, wanakwaya wa hapa Mafinga tuigize. Mjane anavaa nyeupe, anakaa pembeni, analia, pazia. Nikauliza, haongei? Eti ukimya wake ndio ujumbe. Ujumbe gani! Hata tamthilia za jioni ni hivyohivyo — wajane wa India machozi tele, maneno hakuna. Mimi ni mjane na naongea mpaka nakera watu.

Tatizo Mama mkwe. Tangu Joachim wangu afariki mwaka jana navaa nyeusi, na wa kuniruhusu kuivua ni yeye.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwambia. Kaendelea kuchambua maharage. Baadaye: "Kaburi la mwanangu halijakauka, mkwe, wewe uko jukwaani?" Imeniuma.

Jioni kawasha tamthilia yake. Mjane kafukuzwa jikoni na mashemeji — Mama kalia kwikwi. Anamlilia yule wa kwenye TV, na mimi niko hapahapa naosha vyombo!

Jumapili, 13 Julai
Nimeomba sentensi moja tu mwishoni: "Aliyekufa ni mume wangu, mimi nipo." Devota, mwenzangu wa sauti ya kwanza, kapiga makofi. Mwalimu kasema atafikiria. Baridi kali. Mama bado kaninunia.

Jumamosi, 19 Julai
Niko nyuma ya jukwaa, mapumziko. Jamani! Nimetokea tu na nyeupe yangu — ukumbi mzima vigelegele! Wamedhani bibi harusi! Mzee Eliezeri anauliza kwa sauti bwana harusi yuko wapi. Mwalimu kashika kichwa, msiba wake umegeuka sendofu.

Ila kigelegele cha kwanza naijua sauti yake. Mstari wa mbele, kanga kichwani — Mama! Hata hakuniambia anakuja. Na Mama hawezi kukosea. Kwa tamthilia zote zile, anajua nyeupe ya India ina maana gani kuliko Mwalimu mwenyewe.

Halafu hili. Gauni langu jeusi nililitundika msumarini. Halipo! Devota anasema Mama mkwe kapita hapa, kalikunja, kaondoka nalo kwapani. Pale msumarini kaniachia kitenge chake cha njano, kile cha Krismasi.

Nacheka, nalia, poda yote imeharibika. Kengele. Mwalimu bado hajajibu kuhusu sentensi yangu. Nimemuuliza tena sasa hivi, anajifanya anatafuta kamba ya pazia. Pazia lenyewe hilo linafunguka —